Waliorudisha Laptop



Mjini Mwingi kuna duka la kutengeneza simu ninalopitia karibu kila wiki. Ndani yake kuna rafu moja ya mbao, na juu ya rafu hiyo hazikosekani laptop zilizotumika. Baadhi yake bado zina ile nailoni ya dukani juu ya kifuniko. Siku moja nilimuuliza mwenye duka zinatoka wapi. Akanijibu, "Mwalimu, hizi ni za vijana wa online. Mtu ananunua Januari, Aprili ananiletea." Nikamuuliza kama huwa wanamweleza sababu. "Hawasemi," akaniambia. "Wanauliza bei tu."

Maneno hayo yamekaa nami. Kijana amebembeleza nyumbani hadi mbuzi watatu wakauzwa, amenunua chombo, amekitumia miezi mitatu, sasa anakirudisha kwa nusu ya bei na hana neno la kusema. Akifika nyumbani, maneno atayakuta huko. Ataambiwa ni mvivu. Ataambiwa watoto wa siku hizi wanataka pesa za chapuchapu. Binamu yake mwenye bodaboda atamcheka.

Leo nimekuja kumtetea. Nimezungumza na wengi walioacha kazi za mtandaoni hapa Mwingi, na mimi mwenyewe ni mmoja wao, nami nasema kwamba uvivu si sababu. Watu wa Mwingi tunapanda mbegu kwenye udongo mkavu kabla ya mvua ya Oktoba, tukiangalia mawingu ambayo huenda yasije. Mtu aliyelelewa na wazazi wa namna hiyo humfundishi subira. Kuna jambo jingine linalomvunja moyo, na ndilo ninalotaka tuliangalie pamoja.

Lakini kwanza niwatenge wale ambao kwa kweli hawakuwahi kuifanya kazi hiyo. Hawa ni wengi, na wanahesabiwa pamoja na walioacha ilhali walitapeliwa. Kijana anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, anaonyeshwa picha ya ujumbe wa M-Pesa wenye pesa nyingi, anaambiwa atume ada ya usajili ili "aamilishwe". Baada ya ada ya usajili kuna ada ya mafunzo. Baada ya mafunzo anaambiwa alete watu watatu. Kazi yenyewe haonyeshwi kamwe, kwa sababu haipo. Yeye ndiye bidhaa inayouzwa.

Wazee wangu mnaosikiliza, jambo hili mnalijua kuliko vijana, ila mlilijua bila simu. Mnakumbuka mwaka 2006 na 2007, yale mashirika ya piramidi yaliyowavuna walimu, wakulima na waumini wa makanisa nchi nzima. Serikali baadaye iliunda jopo la kuchunguza, likaongozwa na marehemu Francis Nyenze, mwana wa Kitui aliyekuwa mbunge wa Kitui Magharibi. Jopo lake lilikadiria kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Aliyeumia wakati huo alinyamaza kwa aibu, na kwa sababu alinyamaza mwanawe hakuonywa. Mama, kama ulipoteza pesa zako katika piramidi mwaka ule, mwite mwanao leo jioni umweleze ilivyokuwa, tangu mtu wa kwanza aliyekushawishi hadi siku ulipokuta ofisi imefungwa. Utakuwa umemfaa kuliko semina yoyote.

Na kuna somo jingine baya tulilofundishwa. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC Nairobi ili Worldcoin ichukue picha ya mboni za macho yao, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mimi siwalaumu waliosimama kwenye foleni. Shilingi 7,000 ni karo, ni unga. Ila foleni ile iliwaaminisha wengi kwamba pesa ya mtandao ni kitu unachopewa, kumbe ni ujira kama ujira mwingine wowote.

Sasa tuje kwa wale walioifanya kazi kweli.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilijiandikisha na kampuni moja ya kigeni inayolipa watu kunukuu sauti. Unapewa rekodi ya watu wakizungumza, unaandika kila neno. Malipo yalikuwa senti 30 za dola kwa dakika. Nilipoona hivyo nikapiga hesabu upesi: dakika 60, dola 18, siku moja nimepita kibarua yeyote wa Mwingi. Sikuwa nimeelewa kwamba dakika inayolipwa ni dakika ya sauti. Rekodi yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 12. Wazungumzaji walikuwa Wamarekani watatu wanaokatizana, mmoja akiongea huku anatafuna. Niliketi nayo kuanzia saa nane mchana. Stima ikapotea saa kumi na moja, ikarudi saa moja usiku. Nikamaliza saa tatu. Nililipwa dola tatu na senti sitini, ambazo wakati huo hazikufika shilingi 400, na bando nilikuwa nimenunua mara mbili.

Niliendelea, kwa sababu niliona naongeza kasi. Wiki ya tatu nilipata barua pepe kwamba alama zangu zimeshuka chini ya kiwango na akaunti imefungwa. Haikusema nilikosea wapi. Niliandika kuuliza, nikajibiwa na mashine. Nami, msikilizaji, nilikuwa na mshahara wa ualimu ukiingia kila mwezi. Niliumia moyoni tu, chakula hakikukosekana. Mtoto asiye na mshahara, ambaye mbuzi wa nyumbani wameuzwa kwa ajili yake, ataieleza vipi barua hiyo kwa baba yake?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema watu wanakosa subira. Aliyepanda ndengu anajua baada ya siku chache kama zimeota. Akiona majani yanageuka manjano anamwita jirani, jirani anamwambia ni wadudu au ni maji. Januari au Februari anavuna, na kama mvua haikuja anajua haikuja. Anasubiri huku anaona. Yule wa mtandaoni anasubiri gizani. Ametuma maombi ya kazi arobaini hajajibiwa, na hajui kama kosa ni la barua yake, la bei yake, la picha yake, au la nchi yake. Asiyejua kama mbegu imeota hawezi kupalilia.

Na huko gizani kila hatua ina gharama. Tuchukue Upwork, soko kubwa la kazi za mtandaoni. Kuomba kazi pale hutumia tokeni, na tokeni zikiisha unanunua, kila moja senti 15 za dola. Ombi la kazi moja linaweza kula tokeni kumi au zaidi, kwa hivyo unalipa karibu shilingi 200 kwa ombi ambalo huenda mteja asilifungue. Mteja naye anatazama sifa ulizoandikiwa na wateja waliotangulia. Wewe huna hata mmoja. Sokoni Mwingi mtu hukukopesha gunia la mahindi kwa kuwa anamjua mamako. Kule hakuna anayemjua mama wa mtu.

Au chukua YouTube, ambayo vijana wengi huiona ndiyo njia rahisi kwa kuwa simu wanayo tayari. Ili ushirikishwe kwenye pesa za matangazo kwa video za kawaida unahitaji watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hebu tuzigeuze saa hizo ziwe dakika. Ni dakika 240,000. Kama kila mtu atatazama dakika tatu tu kisha aende zake, na ndivyo watu wengi wafanyavyo, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Ukivuka hapo, mapato yako yakifika dola 10 Google inakutumia barua ya karatasi yenye namba ya siri, ije kwa posta, uthibitishe unakoishi. Kijana wa Nguni hana sanduku la posta. Anatumia la shule aliyosomea au la kanisa, 90400 Mwingi, na barua inaingia kati ya barua za mwalimu mkuu. Wapo waliokwama hapo miezi. Halafu pesa hazitoki mpaka zifike dola 100, kama shilingi 13,000 hivi. Na tangu Julai 2023 sheria ya fedha inakata asilimia 5 ya mapato ya watengenezaji wa maudhui. Pendekezo la awali la serikali lilikuwa asilimia 15.

Sisemi masharti haya yote ni ya uonevu. Kampuni ina haki ya kujua inamlipa nani. Ninachosema ni kwamba aliyemwuzia kijana ndoto hakumtajia hata moja kati ya hizo hesabu, na serikali iliyomhimiza haikumtajia pia. Ajira Digital, mpango wa serikali wa kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni, ulianza mwaka 2016, na mafunzo yake ni ya bure. Ni mpango mzuri na nimewapeleka wanafunzi wangu huko. Lakini kufundishwa kufungua akaunti ni kama kufundishwa kushika jembe. Kuna msimu mzima baada ya hapo, na msimu huo kijana anauanza akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa ili wadogo zake wasimpigie kelele.

Kuna kundi la tatu linaloniuma kuliko yote. Hawa walivumilia. Walijifunza, wakaandikiwa sifa, wakaanza kulipwa, wakajenga choo cha mawe kwao na kumlipia dada karo. Kisha mlango ukafungwa kutoka upande wa pili.

Machi 2024, Remotasks, jukwaa la kampuni ya Scale AI ya Marekani, liliwafungia Wakenya. Kazi yake nyingi ilikuwa kuchora visanduku juu ya picha: hili ni gari, huyu ni mtu anavuka, ile ni taa ya barabarani, ili magari yanayojiendesha yajifunze kuona. Fikiria kijana ambaye hajawahi kushika usukani, ameketi Ukambani usiku, analifundisha gari kujiendesha huko ng'ambo. Alifanya kazi hiyo vizuri. Siku moja aliamka akakuta ukurasa haufunguki. Huyo hakuacha kazi, msikilizaji. Aliachishwa bila barua ya mwezi mmoja, bila kiinua mgongo, bila hata jina la mtu wa kumlilia.

Na hata waliokuwa na ofisi hawakufaidi sana. Jarida la TIME liliandika Januari 2023 kuhusu Wakenya waliofanya kazi kupitia kampuni ya Sama jijini Nairobi, wakisoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili OpenAI iweze kuisafisha programu yake. Walikuwa wakipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Programu hiyo ndiyo ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022. Nayo ilipotoka, iliangukia kazi nyingine iliyowalisha maelfu ya vijana wetu wasomi: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao.

Nitasema wazi kuhusu kazi hiyo, maana najua baadhi yenu mmesomesha watoto kwayo. Haikuwa kazi halali kwa maana ya uaminifu. Mtu anapata shahada kwa akili ya mwingine. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2022. Lakini tazameni jambo lililofichika ndani yake. Mtoto wa Mwingi aliyekosa karo ya chuo kikuu aliandika tasnifu za uuguzi, za sheria, za uchumi, zikapita kwenye vyuo vikuu vya wenye pesa. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, aliyezaliwa hapa Kenya, aliwafuatilia vijana hawa, na filamu kuhusu kazi yao, The Shadow Scholars, ilitoka mwaka 2024. Kipawa kilikuwepo, tena kikubwa. Kilichokosekana ni njia ya kukiuza kwa jina la mwenyewe. ChatGPT ilipokuja, malipo yakashuka, kazi zikapungua, na walioandika kwa jina la wengine hawakuwa na hata ukurasa mmoja wa kumwonyesha mwajiri kwamba hii ni kazi yangu.

Basi niseme nilichokuja kusema. Ninyi mliokulia Ukambani mnayajua matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa ukingo. Mvua ya kwanza huoni faida. Miaka inapita, udongo unajikusanya nyuma ya ukingo, shamba lililokuwa linamomonyoka linalala kama ngazi. Machakos na Kitui zimejaa matuta hayo. Na nani aliyachimba? Hakuna mtu mmoja aliyeamka asubuhi na jembe akaukata mlima wake peke yake. Ilikuwa mwethya, kazi ya pamoja ya majirani. Leo kwako, kesho kwa jirani, na anayechoka anaimbiwa. Mkaidi aliyechimba vibaya alisahihishwa papo hapo, kabla maji hayajambomolea.

Mtu aliye peke yake mbele ya laptop hana mwethya. Hana wa kumwambia, "Hiyo barua yako ni ndefu, ikate." Hana wa kumwambia, "Miezi minne ya kwanza nami sikupata kitu, endelea," wala, na hili ni muhimu vilevile, wa kumwambia, "Hapo unatapeliwa, toka leo." Niliowaona wakidumu hapa Mwingi, karibu wote walikuwa na mtu: kaka aliyetangulia, rafiki wa chuo, vijana wanne waliokodi chumba kimoja nyuma ya soko wakachangia intaneti. Walikosea kama wengine. Tofauti ni kwamba kosa la mmoja lilikuwa funzo la wanne.

Tena si lazima kila kazi ya mtandaoni ianze na mteja wa Marekani. Namjua binti aliyeacha kunukuu sauti, akaanza kuweka picha za asali ya baba yake kwenye WhatsApp. Mteja yuko Nairobi, analipa kwa M-Pesa, kopo linapanda matatu kama parseli, jioni limefika. Asali ya Mwingi ina jina tayari. Hakuhitaji miezi ya kutafuta sifa. Hiyo pia ni pesa ya mtandaoni, na sijui kwa nini tunaiona ndogo kwa sababu tu haikuja kwa dola.

Ombi langu la kwanza ni kwa wazazi. Mwanao akirudi bila laptop, usianze na neno mvivu. Muulize alifika wapi, nani alimfunza, alilipa nani, na nani aliacha kumlipa. Msikilize mpaka mwisho. Huenda ukagundua amejifunza mengi ambayo mdogo wake atayahitaji.

La pili ni kwenu vijana mnaoanza. Usinunue chombo kabla ya kupata wenzako wawili au watatu na mmoja aliyewahi kulipwa, akuonyeshe kazi yenyewe kwa macho yako.

Na la mwisho ni kwa viongozi wa kaunti ya Kitui na wabunge wetu wa Mwingi Kaskazini, Mwingi Magharibi na Mwingi ya Kati. Serikali kuu imeahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi, na Kitui ina wadi 40. Vikijengwa, visiendeshwe kwa saa za ofisi. Miezi ya baridi kule Marekani, New York ikifika saa tatu asubuhi, Mwingi ni saa kumi na moja jioni. Kituo kinachofungwa wakati huo kinamfungia kijana nje dakika ile ile waajiri wake wanapofungua milango. Wekeni askari, wekeni taa, wekeni mtu mmoja mzoefu wa kuwaongoza, na mviache wazi hadi usiku.